Mwalimu Asiyejua Majibu

Nikifungua gunia la maharage, kabla sijaingiza mkono kuangalia kama chini wamenichanganyia ya mwaka jana, huwa nanusa kwanza. Wenzangu pale sokoni wanadhani ni ufundi wa biashara. Waache wadhani. Ile harufu ya vumbi, maganda makavu na udongo mweusi wa huku mlimani kwangu si harufu ya sokoni. Ni harufu ya darasa la tano, chumba cha mwisho upande wa vyoo, madirisha sita, vioo viwili. Nilivihesabu vile vioo mara nyingi nikitumaini vitaongezeka.

Hesabu yenyewe tulikuwa tunaiimba. Mwalimu aliyetupokea kutoka la tatu alikuwa pia mwalimu wa kwaya kanisani, na sidhani kama aliona tofauti kati ya kazi hizo mbili. Saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, sauti ya kwanza upande wa madirisha, sauti ya pili upande wa mlango. Tuliimba vizuri, sina uongo. Watu waliokuwa wanakatiza uwanja wetu kwenda Kaloleni walisimama kusikiliza. Mimi nilikuwa naongoza sauti ya kwanza. Shida yangu ilikuwa moja tu: ukinikata katikati, nimekwisha. Ukiniuliza saba mara nane, ilibidi nianze saba mara moja na kuja nayo taratibu, kama mgeni anayetafuta nyumba kwa kugonga kila mlango tangu kona ya mtaa. Nikifika, mwalimu ameshahamia kwa mwingine. Na ukikosea hakugombezi. Anasema tu, "Eti?" Neno hilo likitoka unanyoosha mkono mwenyewe, maana fimbo yake ilikuwa ya mti wa kahawa, na mti wa kahawa haukatiki.

Alipostaafu tulimwimbia. Wiki iliyofuata akaja Mwalimu Akyoo.

Alikuwa kijana mrefu kutoka huko juu kwenye migomba, ndani ya koti ambalo bila shaka lilikuwa la baba yake, kwa sababu mabega ya koti yalifika kabla ya mabega yake. Siku ya kwanza aliingia na mfuko wa maharage. Tukajua ni zawadi ya Mwalimu Mkuu, amekosea mlango. Akaumwaga wote mezani. Yalitawanyika mpaka sakafuni, chumba kikajaa ile harufu, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Kuna mafungu saba ya nyanya," akasema. "Kila fungu lina nyanya nne. Nyanya ngapi?"

Nikaona huyu ametumwa kwangu. Mama yangu alikuwa na genge Kaloleni, nimelala kando ya mafungu ya nyanya tangu nyonga zangu hazijakaza. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Thelathini na tano!"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

"Umejuaje?"

Nikanyoosha mkono, kiganja juu. Kwa sheria nilizozijua, ukijibu halafu mwalimu akakuuliza tena, umekosa. Mwalimu Akyoo akaangalia kile kiganja kwa muda, kama mtu aliyepewa chenji asiyoitarajia.

"Shusha mkono, mwanangu. Nimekuuliza tu. Umejuaje?"

"Kila fungu lina nne na nyongeza moja. Hakuna mteja anayeondoka kwetu bila nyongeza, Mwalimu. Asipopewa hatarudi."

"Nani anampinga?"

Nyuma kabisa akasimama Saning'o. Huyu alikuwa anatembea kila asubuhi kutoka Olasiti, miguu myekundu kwa vumbi mpaka magotini, na alikuwa hapendi kushindwa na msichana. "Mimi nampinga. Mama yake hatoi nyongeza kwa kila mtu. Mimi hajawahi kunipa."

"Wewe hununui, unashikashika!"

"Ninashika ninunue!"

"Unanunua fungu moja baada ya kushika sita!"

Kipindi kizima kikaishia hapo. Darasa likagawanyika, kuna waliosema ishirini na nane, kuna waliosema thelathini na tano, na kuna mmoja aliyesema inategemea mama ameamkaje. Tulipanga maharage sakafuni, tukapiga magoti, tukapigana viwiko. Kengele ikalia. Tukamgeukia mwalimu atupe jibu ili tuchekane vizuri. Akakung'uta chaki mikononi, akasema, "Haya, kesho," akaondoka.

Ikawa hivyo kesho, na keshokutwa, na wiki nzima. Anauliza. Tunajibu. Anauliza tumejuaje. Tunagombana. Hasemi.

Siku moja alimuuliza Saning'o kwao wana mbuzi wangapi. Saning'o akageukia dirisha. Akaulizwa tena, akasema kwao mifugo haihesabiwi, baba yake hapendi, si vizuri. Mwalimu hakumlazimisha. Alimuuliza, "Sasa jioni akikosekana mmoja, mtajuaje?" Saning'o akamwangalia kwa huruma. "Namwona kwamba hayupo, Mwalimu. Kila mbuzi namjua. Mwenye sikio lililochanika anaingia nyuma ya mweupe. Asipoingia, nyuma ya mweupe pana nafasi." Mwalimu Akyoo akakaa juu ya meza kabisa. Kipindi chote tulitafuta namna ya kujua kama maharage yamepungua bila kuyahesabu. Tulipata njia tatu. Nne, ukihesabu ya kwangu, ambayo Saning'o alisema ni ya kwake.

Na siku nyingine, nikiwa nimepiga magoti peke yangu, nilikutana na saba mara nane. Nilipanga fungu la saba. Nikapanga lingine kando yake, kama mama anavyopanga, mawili mawili: kumi na nne. Nikasema, nikichukua mengine kama haya, ishirini na nane. Na mengine kama hayo yote, hamsini na sita. Nimefika. Sikuwa nimeimba hata neno moja. Nilihesabu mara ya pili nikidhani nimeruka mahali. Sikuwa nimeruka. Kile kilikuwa kitu cha kwanza maishani ambacho hakuna mtu aliyenipa na hakuna mtu angeweza kunidai.

Sasa, hapa ndipo nilipokosea, na nataka nieleze vizuri, maana nimeirudia hesabu hii mara nyingi kuliko zote.

Mtoto wa genge anajua jambo moja kuhusu watu wanaouliza. Mteja mzoefu hakuulizi bei, anakutajia yeye. Anayesimama na kuuliza, "Hizi zinauzwaje?" halafu ukimjibu anauliza tena, "Kwa nini?" huyo ni mgeni. Hajui. Mama alinifundisha kuwatambua wa namna hiyo wakiwa bado mbali, kwa mwendo tu. Na Mwalimu Akyoo alikuwa anauliza kutwa nzima. Nikamtazama wiki mbili, nikafikia uamuzi: huyu mwalimu wetu hajui majibu. Kijana wa watu amepewa kazi, ameogopa kukataa, sasa anatuuliza sisi.

Wala sikumdharau. Nilimhurumia. Na nilikuwa nampenda, kwa hiyo nikaamua kumsaidia. Kila baada ya kipindi nilikaa kwenye ngazi za genge nikaitafuta ile hesabu aliyotuachia mpaka niipate, nikaiandika kwenye karatasi pamoja na namna nilivyoipata, ili akiulizwa na wakubwa wake asiaibike. Nikaikunja mara nne. Asubuhi nilimpa wakati wa kumsalimia.

"Shikamoo, Mwalimu. Jibu la jana hili hapa."

"Marahaba. Asante sana." Aliifungua palepale akasoma. Kuna wakati alisimama kabisa njiani. "Hii mimi sikuwa nimeifikiria hivi."

Ningeamini nini tena? Aliziweka mfuko wa ndani wa koti. Nilijiona namshikilia mtu asianguke, na siri yake ilikuwa salama kwangu.

Kisha ukaja mtihani wa ujirani mwema. Shule za kata zinatungiwa karatasi moja, matokeo yanabandikwa ukutani, na majirani wanakuja kuangalia nani amekuwa wa mwisho. Jina ni zuri kuliko kitu chenyewe. Maswali yalikuwa mengi na muda mchache. Wenzetu wa shule nyingine walikuwa wanashuka nayo kama wanaimba. Sisi tuligombana na kila swali. Saning'o aliandika nusu ukurasa kueleza kwa nini bomba linalojaza tangi huku lingine linamwaga ni uzembe wa fundi. Mimi nilifanya maswali kumi na moja, yote sahihi. Maswali yalikuwa arobaini.

Tulikuwa wa mwisho. Nilikwenda ukutani mara mbili kuhakikisha.

Mwalimu Mkuu, mtu mpole ambaye matokeo yalikuwa yamemnyima usingizi, akaitisha kikao cha wazazi. Habari ilishatufikia kabla: wanataka Mwalimu Akyoo aondolewe kwenye hesabu na aombewe uhamisho, na yule wa kwaya arudi kwa mkataba. Sisi darasa la tano tulitumwa kubeba madawati mpaka ukumbini, na tulipomaliza hatukuondoka. Tulijipanga nje ya madirisha. Wazazi walikuwa arobaini na mmoja. Nilipohesabu tena wakawa arobaini na wawili, mmoja alikuwa ameinama ananyonyesha.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa baba yake Saning'o, mzee wa kofia ya pama na fimbo nyembamba, mtu anayeheshimiwa na mwenye maneno machache.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikusoma sana. Nisaidie. Nikimwajiri mtu anichungie, jioni nikamuuliza ng'ombe wako wapi, naye akaniuliza mimi nadhani wako wapi, huyo nimweke?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama yangu alicheka pia, nilimwona.

"Mzee wangu," Mwalimu Akyoo akasema, "mtoto akiitafuta mwenyewe haisahau. Hata wewe ng'ombe wako hujakariri idadi yao. Unawajua."

"Ng'ombe wangu hawafanyi mtihani."

Wakacheka tena. Mwalimu Akyoo akaanza kueleza, sauti yake ikafunikwa na kicheko. Nilikuwa nimemzoea akiwa katikati ya kelele, lakini zile kelele zilikuwa zake. Hizi hazikuwa zake. Mama mmoja akasimama akasema mwanawe sasa anamuuliza baba yake "umejuaje" mezani, na baba amekasirika. Mama yangu akasimama akasema mimi nawauliza wateja kwa nini wanataka kupunguziwa, na wanakimbia. Ilikuwa kweli.

"Watoto wenyewe hawa hapa dirishani," mwenyekiti akasema. "Tuwasikie. Wewe binti wa genge, ingia."

Nikaingia. Mama alikuwa amenifundisha jambo lingine, na nilikuja nalo lote mpaka mbele ya ukumbi. Ukiwa na nyanya yenye doa, usiifiche chini. Mwonyeshe mteja doa wewe mwenyewe, kabla hajaliona. Atakuamini kwa zote zilizobaki, na atanunua. Nimewahi kuuza tenga zima kwa njia hiyo. Nikajiambia, nitawaonyesha doa la Mwalimu Akyoo, dogo, mapema, kwa sauti ya kawaida, halafu wataniamini nikiwaambia yeye ni mzuri.

"Shikamooni."

"Marahabaa."

"Ni kweli Mwalimu Akyoo hajui majibu," nikasema. "Lakini anajifunza. Mimi humwandikia kila siku, na anaelewa haraka. Anazo mfukoni. Naomba apewe muda."

Watu wakaanza kugeukiana, na kicheko kikaja kutoka nyuma, si kama vile vya mwanzo. Kilikuwa cha chini. Mwalimu Mkuu akafunika uso.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema polepole, "ni kweli unazo?"

Angeweza kusema hapana. Mtoto gani angeaminiwa? Akaingiza mkono ndani ya koti la baba yake akatoa rundo lililofungwa kwa mpira. Karatasi zangu zote. Thelathini na moja, sikuhitaji kuhesabu.

"Ninazo, mzee. Naomba isomwe hata moja. Kila moja ina sababu yake, na sababu hizi hazimo kwenye kitabu chochote, huyu mtoto amezi—"

"Zimeandikwa na nani?"

"Na yeye."

"Basi."

Mwalimu Akyoo akanigeukia. Hakukasirika. Ningependa kusema alikasirika, ingenirahisishia. Aliinama kidogo kama anavyofanya tukiwa sakafuni, akaniuliza kwa sauti ileile:

"Umejuaje kwamba sijui?"

"Kwa sababu unauliza," nikasema.

Na maneno yalipokuwa yanatoka, nikayasikia. Nilisikia yana tundu. Nilikumbuka saba mara nane na nikaona ni nani aliyekuwa ameniacha na yale maharage peke yangu makusudi. Yote yalinijia pamoja, mbele ya watu arobaini na wawili, na mdomo wangu ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Nilingoja aulize nani ananipinga. Hakuuliza.

"Anajua!" Saning'o alipiga kelele dirishani, kichwa chote ndani mahali pasipo na kioo. "Muongo huyo! Mwalimu anajua kila kitu!"

"We! Nyamaza," baba yake akasema, bila kugeuka.

Nikasema, "Mwenyekiti, nimekosea, naomba nirudie," lakini walikuwa wameshaanza kunyoosha mikono kwa ajili ya uamuzi, na mama alikuwa amenishika bega ananitoa. Mkono wake ulikuwa na nguvu na upendo. "Umesema vizuri," aliniambia njiani. "Hujatetemeka hata kidogo. Wengine wangetetemeka." Nilimwambia hayakuwa kweli niliyoyasema. Akaniambia wamama wenzake wamemuuliza huyu mtoto anakula nini.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Nilikuwa nimejipanga, nimefanya mazoezi kwenye ngazi za genge. Nikamweleza tangu mwanzo: kuhusu wateja, kuhusu doa, kuhusu maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nadhani alielewa, maana alivua miwani.

"Mtoto akishasema ukweli," alisema, "asirudi nyuma kwa sababu ya huruma."

"Si huruma, Mwalimu. Ni hesabu."

"Nenda darasani, mama."

Jumatatu kwenye paredi niliitwa mbele. Nikapewa daftari tatu kubwa, za mistari, kwa ajili ya ujasiri. Mwalimu Mkuu akasema, "Mpigieni makofi ya kilo tano," na shule nzima ikapiga kwa mpigo mmoja, pa pa pa pa pa. Nilisimama pale nimezishika. Nilitaka kusema kitu, na kabla sijaanza Mwalimu Mkuu akaiambia shule kwamba nimezidiwa na furaha. Walimu walikuwa wamejipanga nyuma ya bendera. Mwalimu Akyoo alikuwa wa mwisho kulia, na alikuwa anapiga makofi, taratibu, kwa heshima, kama unavyompigia mtu aliyejibu vizuri.

Aliondoka Jumatano. Nilimwona kwa dirisha anavuka uwanja na begi, nikatoka bila ruhusa nikamkuta getini.

"Mwalimu, nilikosea."

"Ulikosea wapi?"

"Nilidhani anayeuliza hajui."

"Na sasa?"

"Sasa najua anaweza kuwa anajua."

"Basi umejisahihisha mwenyewe," akasema, na alitabasamu kweli. "Alama zote."

"Lakini bado unaondoka."

Aliangalia barabara, akaangalia begi, akaniangalia mimi. Nilingoja. Nilikuwa nimezoea kungoja swali lake linalofuata, maana baada ya swali huwa kuna njia.

"Hilo, mwanangu," Mwalimu Akyoo akasema, "kwa kweli silijui jibu lake."

Nikamwamini. Akanipa mkono kama mtu mzima, akapanda na ile barabara ya vumbi kuelekea juu. Nikasimama mpaka koti likawa halionekani, halafu nikasimama tena kiasi kile kile.

Niliporudi, kipindi cha hesabu kilikuwa kimeshaanza. Mwalimu wa kwaya alinyamazisha darasa kwa kidole, akaniuliza nilikuwa wapi.

"Chooni," nikasema.

Sijawahi kusema uongo mbaya kama ule. Nilikuwa nimetokea upande wa geti, vyoo viko upande wa pili, miguu yote vumbi, machozi mpaka kidevuni. Nilisimama mlangoni nikimwangalia, nikiomba aniulize tena, hata mara moja tu.

"Haya," akasema. "Keti."